Chai ya Mlenda

Maji ya Nkuhungu hayana adabu.
Yanakuja saa nane za usiku, hayapigi hodi,
yakikuta umelala yanaingia yenyewe.
Juzi niliacha koki wazi, ndoo chini yake,
nikajiambia nafumba jicho moja tu.
Nilipoamka ndala zangu zilikuwa zinaelea
kuelekea sebuleni, kama wageni wanaojua njia,
na godoro limekunywa kuliko simtanki.

Jumamosi ilikuwa zamu ya uani kwangu.
Wakaja na miche kwenye makopo ya siagi,
nikawasimulia, nikitegemea pole.
Foibe hakunitazama mimi. Alitazama mchicha
ulio chini ya mlango wa jikoni, pale maji yalipotokea.
"Mwaka mzima hujapata mchicha wa namna hii," akasema.
"Lala tena."

Halafu akatoa la kwake.
Alikausha mlenda, akautwanga, akautia kwenye kopo
lililokuwa la masala ya chai. Hakubandika karatasi,
maana nani asiyeujua mlenda kwa macho?
Shemeji yake, katokea Moshi, mtu wa tai,
akajitengenezea chai mwenyewe ili asisumbue.
Akakoroga. Chai ikakifuata kijiko.
Akainua kijiko, nayo ikapanda nacho,
uzi mmoja mrefu toka kikombeni hadi kidevuni,
na kwa heshima ya ukweni akameza yote,
akasema chai ya Ugogoni ina nguvu.
Ameomba afungiwe robo kilo, arudi nayo.

Mzee Ndahani hakungoja tumalize kucheka.
Ana mizabibu minne na mbuzi mmoja,
na amani iliyopo kati yao ni ya kamba ya katani.
Sasa upepo huu wa Agosti, huu wenye vumbi jekundu,
uliangusha koti lake la kanisani toka kambani.
Mbuzi akala mfuko wa ndani wote,
pamoja na kadi ya mchango wa harusi
ya binti wa mwenyekiti wa mtaa: laki moja, wino wa dhahabu.
"Mizabibu hakuigusa. Hata jani.
Sijui nafuga mwizi au mhasibu.
Na mwenyekiti nikamwambie nini?"
"Mpeleke mbuzi," nikamjibu. "Ahadi anayo yeye, tumboni."

Damari alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa,
akitenganisha miche ya chainizi, mmoja mmoja,
mikono ikijua kazi, mwenyewe hayupo.
Tangu Machi, tangu tulipotoka makaburini,
hajasema zaidi ya habari na asante.
Tuta lake tumelimwagilia kwa zamu, nusu ndoo, nusu ndoo,
maji ya kuoshea mchele, maji ya kufulia yaliyotulia.
Hatukumwambia, wala yeye hakuuliza
ni chainizi gani hii isiyonyauka kiangazi.

Kisha, bila kuinua kichwa:
"Mimi jana niliunguza maharage."

Mzee Ndahani akautoa mswaki mdomoni.

"Yakanuka mpaka kwa jirani. Akaja mbio na ndoo
akidhani nyumba inawaka.
Kumbe nimekaa, nasikiliza redioni
bei ya alizeti. Na alizeti sina."
Akacheka. Kwanza kwa pua,
halafu bega moja, halafu yote mawili,
mpaka mche ukamponyoka.

Tukacheka naye, ila taratibu,
kama mtu anayemwagilia mbegu ndogo
asije akaifukua.

"Ulikula?" Foibe akauliza.
"Ya juu nilikula. Ya chini nimewaletea, yawe mboji."
Akafungua mfuko wa khaki.
Tukayafukia chini ya nyanya chungu,
meusi, bado yana moshi wake.
Sufuria, akasema, ameiloweka tangu jana
na haitaki.